Chembechembe, Mvuke wa Maji na Hesabu ya Tabianchi Isiyokamilika

Katika ripoti ambayo Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilitoa mwaka 2021, zimo namba mbili ambazo kila anayejadili joto la dunia angepaswa kuzisoma kwa pamoja. Ya kwanza ni ya kaboni dioksidi: kati ya mwaka 1750 na 2019 ongezeko la gesi hiyo liliiongezea dunia nishati inayokadiriwa kuwa wati 2.16 kwa kila mita ya mraba, na makadirio hayo hayatandi sana, kwani yanaanzia 1.90 na kuishia 2.41. Ya pili ni ya chembechembe ndogo zinazoelea angani kutokana na shughuli za binadamu, hasa zile za salfa zitokanazo na makaa ya mawe na mafuta mazito: hizo zimeipunguzia dunia wati 1.1, lakini makadirio yake yanatanda kuanzia 0.4 hadi 1.7. Hii ina maana kwamba tunajua kwa usahihi mzuri ni kiasi gani tumeipasha dunia joto kwa kaboni, ila hatujui vizuri ni kiasi gani cha joto hilo tumekificha kwa moshi.

Pengo hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Katika muongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto la takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi juu ya wastani wa nusu ya pili ya karne ya 19. Ikiwa chembechembe zimefunika sehemu kubwa ya msukumo wa gesi, basi joto hilo lote limetokana na msukumo mdogo uliosalia, na hapo inabidi tukubali kwamba dunia huitikia upesi na kwa nguvu. Ikiwa zimefunika sehemu ndogo, basi joto hilohilo limehitaji msukumo mkubwa, na dunia ni nzito kidogo kuitikia. Historia ya joto ni ileile katika hali zote mbili, lakini mustakabali ni tofauti kabisa. IPCC inakadiria kwamba kaboni dioksidi ikizidi maradufu, dunia itaongezeka joto kwa takriban nyuzi 3, na kwamba kuna uwezekano mkubwa thamani halisi iko kati ya 2.5 na 4. Tofauti kati ya mwanzo na mwisho wa makadirio hayo ni kubwa kuliko joto lote ambalo dunia ilikuwa imelipata hadi muongo huo tangu mapinduzi ya viwanda.

Ndiyo maana nashikilia kwamba uchunguzi wa chembechembe na mvuke wa maji hauwezi kuachwa kuwa kazi ya pembeni, inayosubiri fedha zinazobaki baada ya mambo mengine kutekelezwa. Vitu hivi viwili ndivyo vinavyoamua kaboni tuliyokwisha kuitoa itatufanya nini: kimoja hukuza joto lake, kingine hulificha. Tena vimefungamana kiasi kwamba kupima kimoja bila kingine ni kupata jibu ambalo haliwezi kutumika.

Tuanze na mvuke. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanasayansi wa Marekani, alitia vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo yenye hewa kavu, hewa yenye unyevu na kaboni dioksidi, akaianika juani, akaona kwamba mtungi wa hewa yenye unyevu ulipata joto kuliko ule wa hewa kavu, na kwamba wenye kaboni dioksidi uliishinda yote. Miaka 3 baadaye, mjini London, John Tyndall alianza kupitisha mionzi ya joto ndani ya bomba lenye gesi mbalimbali, akathibitisha kwamba naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, huiachia mionzi hiyo ipite, ilhali mvuke wa maji na kaboni dioksidi huinasa. Vipimo vya kisasa vinatuambia kwamba mvuke wa maji huchangia takriban nusu ya athari ya gesijoto inayoifanya dunia ikalike, mawingu takriban robo, na kaboni dioksidi takriban moja ya tano. Bila athari hiyo wastani wa joto kwenye uso wa dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri.

Mgawanyo huo ndio unaotumiwa kila mara na wanaotaka kuiondolea kaboni lawama: kama mvuke ndio gesi kubwa, wanauliza, kwa nini tuisumbukie kaboni? Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu wengi wanaoliuliza wanauliza kwa nia njema. Mvuke wa maji haukai angani. Tangu uinuke baharini hadi urudi chini kama mvua au theluji, hupita wastani wa siku 9 hivi, na kiasi ambacho hewa inaweza kukibeba kinatawaliwa na joto la hewa yenyewe: kila nyuzi moja ya Selsiasi inapoongezeka, uwezo huo huongezeka kwa takriban asilimia 7. Ukimwaga mvuke wa ziada katika anga ya chini leo, baada ya wiki chache utakuwa umeshuka wote. Kaboni dioksidi haigeuki kuwa matone katika joto lolote la angahewa yetu, na sehemu kubwa ya ile tunayoitoa huendelea kuwapo kwa karne nyingi. Kwa hiyo kaboni ndiyo inayoweka joto la msingi, na mvuke hufuata nyuma na kulizidisha. Watafiti wa NASA waliliweka jambo hili wazi mwaka 2010 kwa kuondoa, ndani ya modeli ya kompyuta, gesijoto zote zisizogeuka kuwa matone: hewa ilipoa, mvuke nao ukanyesha na kwisha, na katika muda wa miongo michache dunia ya kwenye modeli ilikuwa imefunikwa na barafu kwa sehemu kubwa.

Nguvu ya kuzidisha ilianza kupimwa mapema. Svante Arrhenius wa Sweden aliiingiza katika hesabu zake za mwaka 1896. Lakini kazi iliyoujenga uelewa wa leo ni ile ambayo Syukuro Manabe na Richard Wetherald waliichapisha mwaka 1967. Walipodhania kwamba kiasi cha mvuke angani hakibadiliki, kuzidisha kaboni dioksidi maradufu kulileta joto la takriban nyuzi 1.3. Walipoacha mvuke uongezeke pamoja na joto, ili unyevu linganishi wa hewa, yaani mvuke uliomo ukilinganishwa na ule ambao hewa inaweza kuubeba, ubaki uleule, joto lilifika takriban nyuzi 2.4. Manabe alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021, zaidi ya miaka 50 baadaye, na katika kipindi chote hicho hitimisho lake la msingi halikubomolewa.

Hata hivyo, dhana ya unyevu linganishi usiobadilika ni dhana, na dhana hupaswa kupimwa kila mahali inapotumika. Juu ya bahari imeonekana kufanya kazi vizuri. Juu ya nchi kavu mambo si rahisi hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024, uliotazama vipimo vya kati ya 1980 na 2020, ulionyesha kwamba katika maeneo makavu na yaliyo karibu kuwa makavu, mvuke wa hewa iliyo karibu na ardhi haukuongezeka kama modeli zilivyotabiri, ingawa joto liliongezeka. Hewa yenye joto zaidi isiyopata mvuke zaidi hunyonya unyevu wa udongo na wa mimea kwa nguvu, na ndiyo inayokausha malisho na kulisha mioto ya nyika. Hapa kosa la modeli linamgusa mtu moja kwa moja, kwa sababu makadirio ya ukame, ya mahitaji ya maji ya mashamba na ya hatari ya moto yote yanategemea namba hiyo. Sioni sababu nzuri zaidi ya kuongeza vituo vya kupima unyevu katika maeneo hayo makavu, ambako vituo hivyo ni vichache kuliko mahali pengine pengi.

Tuje kwenye chembechembe. Ndani yake mna vumbi la jangwani, chumvi inayorushwa na mawimbi ya bahari, masizi ya moto, chavua, matone madogo ya asidi ya salfa, na mchanganyiko mkubwa wa misombo ya kaboni inayotoka kwenye miti na kwenye injini. Ukubwa wake unaanzia sehemu chache za bilioni ya mita hadi makumi ya sehemu za milioni ya mita, na umbo, rangi na kemia yake hutofautiana kila siku. Chembe ya salfa hurudisha mwanga wa jua angani na kupoza. Chembe ya masizi huufyonza mwanga na kuipasha hewa joto, na ikitua juu ya theluji huifanya nyeusi na kuiharakisha kuyeyuka. Vumbi hufanya yote mawili, kulingana na madini yake na rangi ya ardhi iliyo chini yake. Katika anga ya chini chembechembe hizi huishi siku kadhaa hadi wiki chache tu, kwa hiyo hazienei sawasawa duniani kama kaboni. Ziko nyingi karibu na zilikotoka na chache kwingineko. Mtu anaweza kujua kiasi cha kaboni dioksidi duniani kwa kukipima vizuri katika vituo vichache, lakini kwa chembechembe njia hiyo haipo.

Lakini ugumu mkubwa uko kwenye mawingu. Mwishoni mwa karne ya 19 John Aitken, aliyefanya kazi Uskoti, alionyesha kwamba mvuke hauwezi kugeuka kuwa ukungu katika hewa iliyochujwa ikawa safi kabisa, hata ukizidi kiwango cha kawaida cha kushiba. Bila chembechembe, hewa ingelazimika kufikia unyevu wa asilimia mia kadhaa ndipo matone yaanze kujiunda yenyewe. Pakiwa na chembechembe zinazopenda maji, kuzidi asilimia 100 kwa chini ya asilimia moja kunatosha. Kila tone la wingu, basi, lina chembe iliyolianzisha. Katika miaka ya 1970 Sean Twomey aliichukua hoja hiyo hatua moja mbele: kiasi kilekile cha maji kikigawanywa kwa chembechembe nyingi zaidi, matone huwa mengi na madogo, na wingu huwa jeupe zaidi, hivyo hurudisha mwanga mwingi zaidi. Athari hiyo inaonekana kwa macho katika picha za setilaiti, pale meli zinapopita chini ya mawingu mepesi ya baharini na kuacha nyuma yake mistari myeupe yenye urefu wa mamia ya kilomita.

Kama jambo hilo lingeishia kwenye weupe, hesabu ingekuwa imekamilika zamani. Wingu lenye matone madogo linaweza pia kuchelewa kunyesha, likaishi muda mrefu na kutanda eneo kubwa zaidi. Au linaweza kukauka haraka pembezoni, kwa sababu matone madogo hukauka upesi, likapungua. Volkano ya Holuhraun ya Iceland, iliyotoa salfa dioksidi nyingi katika anga ya chini kati ya mwaka 2014 na 2015, iliwapa wanasayansi nafasi adimu ya kuliangalia suala hili. Uchambuzi wa kwanza uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba matone ya mawingu yalikuwa madogo kama ilivyotarajiwa, ila kiasi cha maji ndani ya mawingu hakikubadilika kwa namna iliyoweza kutambulika. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022, uliotumia mbinu za kompyuta kutenganisha athari ya volkano na ya hali ya hewa ya siku ile, ulikuta kwamba eneo lililofunikwa na mawingu lilikuwa limeongezeka. Tukio ni lilelile, setilaiti ni zilezile kwa sehemu kubwa, na bado picha imehitaji miaka kadhaa kujengeka. Hiyo ndiyo asili ya kazi hii, na anayedai jibu la haraka hajaielewa.

Kwa nini nasisitiza kwamba mvuke na chembechembe ni somo moja? Sababu ya kwanza iko ndani ya chembe yenyewe. Chembe nyingi za salfa na za chumvi hunyonya maji na kuvimba hewa inapokuwa na unyevu, na chembe iliyovimba hutawanya mwanga maradufu au zaidi ya ilivyokuwa ikiwa kavu. Kwa sababu hiyo, vituo vilivyo chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa kuchunguza angahewa, vikiwamo vya Mauna Loa, Jungfraujoch, Cape Point na Mlima Kenya, vinashauriwa kukausha hewa hadi unyevu uwe chini ya asilimia 40 kabla ya kupima chembechembe zake, ili vipimo vya kituo kimoja viweze kulinganishwa na vya kingine. Utaratibu huo ni wa busara, lakini una gharama: kinachopimwa kituoni ni chembe kavu, ilhali kinachokutana na jua angani ni chembe iliyolowa. Anayetaka kutoka kwenye kipimo cha kwanza hadi cha pili anahitaji kujua unyevu wa hewa ile, saa ile, katika kimo kile. Asipoujua, anakisia.

Kifaa rahisi kuliko vyote katika fani hii kinalijua hilo. Vipimajua vya mtandao wa AERONET, ulioanzishwa na NASA katika miaka ya 1990 na ambao sasa una mamia ya vituo duniani, huelekezwa kwenye jua na kupima ni kiasi gani cha mwanga wake kimepungua kikipita angani, katika rangi kadhaa tofauti. Rangi nyingi hutumika kukadiria chembechembe, na moja, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 940 hivi, huchaguliwa kwa sababu mvuke wa maji huifyonza. Kifaa kimoja, kwa wakati mmoja, katika mstari mmoja wa hewa, kinatoa namba zote mbili. Ningependa kuona fikra hiyo ikitawala katika kupanga vyombo vikubwa pia.

Sababu ya pili ni kwamba chembechembe ndizo zilizotupatia ushahidi bora kuhusu mvuke. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka tarehe 15 Juni 1991, ulirusha zaidi ya tani milioni 15 za salfa dioksidi hadi stratosfia, tabaka ambalo mvua haifiki. Salfa hiyo iligeuka kuwa matone ya asidi yaliyoizunguka dunia, na wastani wa joto ukashuka kwa takriban nusu nyuzi mwaka 1992. Hilo watu wengi wanalikumbuka. Linalokumbukwa na wachache ni kilichotokea kwa mvuke: setilaiti zilionyesha kwamba hewa ilipopoa, mvuke wa anga ya kati na ya juu ulipungua pia, karibu kwa kiasi ambacho modeli zilisema utapungua. Watafiti walioripoti matokeo hayo mwaka 2002 walipoondoa mrejesho wa mvuke, yaani nguvu yake ya kuzidisha badiliko la joto, ndani ya modeli, upoaji uliotokea kwenye kompyuta ulikuwa mdogo mno kuliko uliopimwa duniani. Hapo ndipo dhana ya mwaka 1967 ilipopata mtihani wa wazi, na ikaufaulu. Mtihani huo ungepotea bure kama, mwaka ule wa 1991, kusingekuwa na vyombo angani vikipima chembechembe na mvuke kwa pamoja kabla ya mlipuko, wakati wa mlipuko na baada yake.

Leo tumo ndani ya mtihani mwingine, mkubwa kuliko ule, na safari hii tumeuanzisha sisi. Marekani na Ulaya zilianza kupunguza salfa zao miongo mingi iliyopita. Uchina ilipunguza salfa dioksidi yake kwa zaidi ya nusu kati ya 2013 na 2017 pekee. Tarehe 1 Januari 2020 kanuni ya Shirika la Kimataifa la Bahari ilishusha kiwango cha juu cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na mistari myeupe ya mawingu ya baharini ikapungua sana katika picha za setilaiti. Hatua hizi ni za haki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema vya watu milioni 4.2 mwaka 2019, na chembechembe ndizo muuaji mkuu katika hesabu hiyo. Hakuna hoja ya tabianchi inayoweza kuhalalisha kuacha watu waendelee kuivuta hewa hiyo.

Ila mficha maradhi kifo humuumbua, na joto ambalo chembechembe zililificha haliwi limeondoka. Hurudi pale chembechembe zinapoondoka, na hurudi haraka, kwa kuwa maisha ya chembe ni siku na maisha ya kaboni ni karne. Mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza wa kalenda ambao wastani wake wa joto ulizidi nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda, na vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba ziada ya nishati inayoingia duniani iliongezeka takriban maradufu kati ya 2005 na 2019. Ni sehemu gani ya ongezeko hilo inatokana na anga kusafishwa, na ni sehemu gani inatokana na mawingu kupungua kwa sababu dunia yenyewe imepata joto? Majibu yaliyochapishwa yanatofautiana, na tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Kama ni chembechembe, ongezeko hilo litafika mwisho wake salfa itakapokwisha. Kama ni mawingu yanayoitikia joto, litaendelea kadiri joto linavyoendelea. Serikali zinazopanga kuta za bahari, hifadhi za maji na bima za mazao zinahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili wanaloliandalia.

Wako wanaotoka hapa na kupendekeza kwamba tuirudishe pazia kwa makusudi, kwa kunyunyizia salfa katika stratosfia. Sitakaa sana juu ya pendekezo hilo. Chembechembe za stratosfia hudumu mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo zingelazimika kunyunyiziwa bila kukoma kwa vizazi. Zingekoma ghafla, joto lililofichwa lingerudi kwa mkupuo. Na maji ya bahari yangeendelea kuongezeka asidi kwa sababu kaboni ingebaki palepale. Wanasayansi ambao hawajakubaliana kuhusu athari ya salfa ya meli, iliyopimwa kwa miongo kadhaa, hawawezi kutuhakikishia athari ya salfa ambayo bado haijanyunyizwa.

Tunachoweza kukifanya sasa ni kupima vizuri, na hapa ndipo malalamiko yangu yalipo. Baadhi ya habari ni njema: setilaiti ya PACE ya NASA, iliyorushwa Februari 2024, inaweza kutenganisha aina za chembechembe kwa kutazama jinsi mwanga unavyopindishwa nazo, na EarthCARE, ya Ulaya na Japani, iliyorushwa Mei mwaka huohuo, inamulika mawingu na chembechembe kwa rada na leza kwa wakati mmoja. Lakini setilaiti ya CALIPSO, iliyofanya kazi ya leza tangu 2006, ilisimama mwaka 2023, na hivyo mfululizo wake ukakatika kabla ya mrithi kufika. Mwaka 2011 setilaiti ya Glory, iliyokusudiwa kupima chembechembe, ilianguka baharini wakati wa kurushwa, na nafasi yake ilikaa wazi kwa zaidi ya muongo. Rekodi ya tabianchi ikikatika haiungwi kwa urahisi, kwa sababu chombo kipya kina makosa yake na cha zamani kilikuwa na yake, na bila kipindi cha vyote viwili kupima pamoja hakuna anayeweza kusema kama badiliko lililoonekana ni la anga au la chombo.

Mvuke wa stratosfia ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Ni mchache sana, ila kwa kuwa uko juu na kwenye baridi, badiliko dogo lake lina uzito katika hesabu ya joto. Volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ilipolipuka chini ya Bahari ya Pasifiki tarehe 15 Januari 2022, iliingiza katika stratosfia karibu tani milioni 146 za mvuke wa maji, yaani takriban asilimia 10 ya mvuke wote uliokuwamo katika tabaka hilo. Ilidhaniwa na baadhi ya watu kwamba mvuke huo ndio ulioleta joto la mwaka 2023, na kwa miezi kadhaa dai hilo lilizagaa. Liliweza kuchunguzwa, na mchango wa volkano ukaonekana kuwa mdogo, kwa sababu moja kubwa: setilaiti ya Aura ya NASA ilikuwa angani ikiwa na kipimamawimbi kinachotazama ukingo wa dunia na kuhesabu mvuke wa stratosfia tabaka kwa tabaka, kila siku, karibu dunia nzima.

Aura ilirushwa Julai 2004, na ilitarajiwa kufanya kazi kwa miaka 5 au 6 hivi. Iliishi zaidi ya mara tatu ya umri huo hadi nguvu zake zikaanza kwisha, bila chombo cha aina hiyo kuwa tayari kushika nafasi yake. Kile kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017 hupima mvuke wa stratosfia kwa ubora, lakini hutegemea hasa nyakati za jua kuchomoza na kuzama machoni pake, kwa hiyo hupata sehemu chache tu za dunia kwa siku. Maputo yenye vipimaumande, ambayo mjini Boulder nchini Marekani yamekuwa yakirushwa tangu 1980, ni sahihi sana, ila hupima mahali pamoja. EarthCARE ilichaguliwa mwaka 2004 na ikarushwa mwaka 2024. Kwa mwendo huo, mrithi wa Aura akichaguliwa leo ataanza kupima katikati ya miaka ya 2040, baada ya sehemu kubwa ya salfa ya viwanda na ya meli kuwa imekwisha kuondoka angani.